Kwa Nini Namba Yetu Hailingani na ya Maabara Nyingine

Maabara yetu hupima jinsi protini za virusi zinavyokamata seli, na jibu tunalitoa kwa nanomola, yaani kipimo cha ukolezi. Lalamiko linalotufikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Wenzenu walinipa chini ya nanomola 1, nyinyi mnanipa 20. Mmeiharibu protini yangu, halafu bei yenu iko juu." Limekuja tena hivi karibuni, safari hii kwa maneno makali, na mteja akataka arudishiwe pesa zake. Yeye tumezungumza naye kwa simu. Wengine wenye swali kama lake tunawajibu hapa, kwa sababu tunaumia kuitwa wezi kwa kazi tuliyoifanya kwa uangalifu.

Virusi haviingii kwenye seli hivi hivi. Protini iliyo kwenye ganda la kirusi lazima ikamate kwanza kipokezi chake juu ya seli. Miiba ya SARS-CoV-2, kirusi cha UVIKO-19, hukamata kipokezi kiitwacho ACE2; ile ya kirusi cha MERS hukamata DPP4. Protini ya HIV iitwayo gp120 huanza na CD4, na ikishaikamata hubadilika umbo, ndipo iweze kuishika CCR5 au CXCR4, vipokezi vingine vya seli. Namba tunayokuandikia kwenye ripoti ni ukolezi ambao nusu ya vipokezi vinakuwa vimeshikwa. Ikiwa ndogo, mshiko una nguvu.

Tunaipata hivi. Upande mmoja tunaubandika kwenye kihisio, upande wa pili tunaupitisha juu yake ukiwa kwenye bufa, yaani kimiminika kinachoitunza protini. Mstari kwenye skrini unapanda kadiri protini zinavyokamatana. Kisha tunapitisha bufa tupu, na mstari unaanza kushuka kadiri zinavyoachiana. Kasi ya kuachia ukiigawa kwa kasi ya kukamata, umepata namba yako. Wengi wanaridhika wakiona mstari umepanda. Sisi muda wetu mwingi tunautumia kwenye ule mshuko, kwa sababu ndiko uongo unakojificha.

Turudi kwa yule bwana. ACE2 aliyotuletea ilikuwa imeunganishwa na mkia wa kingamwili. Watu wanaipenda hiyo kwa sababu inazalishwa kwa wingi na kusafishwa kirahisi. Shida ni kwamba mikia hiyo hujiunga miwiliwili, kwa hiyo kinachopita juu ya kihisio ni ACE2 mbili kwa pamoja. Ukiwa umebandika miiba kwa msongamano chini, jozi hiyo inashika miiba miwili kwa wakati mmoja. Ni kama mtu anayening'inia kwa mikono miwili: mkono mmoja ukiteleza, wa pili bado umeshika, na ule wa kwanza unarudi. Mstari haushuki. Kompyuta inasoma kwamba mshiko ni wa ajabu, na mteja anafurahi.

Tulimpimia kwa njia yake, tukapata chini ya 1 kama aliyopewa kule. Tukapima kwa ACE2 mojamoja, tukapata 20. Protini haikuharibika, na wala wale wenzetu hawakumdanganya. Ni maswali mawili tofauti, na majibu yake hayawezi kuwekwa kwenye jedwali moja. Hata vipimo vilivyochapishwa mwaka 2020 kwa kirusi kile kile cha mwanzo cha SARS-CoV-2 havikulingana: kimoja kilitoa takriban nanomola 15, kingine karibu 5, kingine zaidi kidogo ya 1. Wapimaji walikuwa makini wote. Walitofautiana katika kipande cha mwiba walichotumia, nini kilibandikwa chini na nini kilipita juu.

Hatusemi kwamba mshiko wa wengi kwa pamoja ni kosa. Kwa mafua ndio ukweli wenyewe. Hemaglutinini, protini ya kukamatia ya kirusi cha mafua, hukamata asidi ya sialiki, sukari iliyo juu ya seli, kwa unyonge mno, kwenye kiwango cha milimola (milimola moja ni nanomola milioni moja), na kirusi hufanikiwa kwa sababu kina mamia ya protini hizo zinazoshika kwa pamoja. Kuna mteja aliwahi kutuletea hemaglutinini mojamoja akitaka mshiko wa nanomola, kisha akakasirika alipoona mstari umelala. Pale tulimshauri apime kwa chembe nzima. Muhimu ni kujua unauliza nini kabla hujalipia jibu.

Njia za mkato ndizo zinazotuchosha. Inayoongoza ni kuzalisha kipande cha mwiba kinachogusa ACE2 ndani ya bakteria E. coli ili kuokoa pesa. Kipande hicho kina vifungo vinne vya salfa vinavyokishikilia umbo lake, na kina minyororo ya sukari kwenye nafasi ya 331 na 343. E. coli ya kawaida haiweki sukari hizo, na vifungo vile huvikosea mara kwa mara. Mteja mmoja alituonyesha jeli yake, ile inayotenganisha protini kwa uzito: mkanda mmoja, safi, mzuri. Lakini jeli ya namna ile inaivunja protini umbo kabla ya kuipima. Inakuambia uzito wake na usafi wake basi, haikuambii kama imekunjwa sawasawa. Hakutaka kusikia. Alichagua kingamwili zake zote kwa kutumia protini ile, na alipokuja kuzijaribu kwenye mwiba uliozalishwa katika seli za binadamu, nyingi hazikushika kitu. Alilipa kazi mara mbili, tena ya pili ikiwa ndefu kuliko ya kwanza.

Mwingine alihifadhi mwiba mzima tuliomtumia kwenye friji kwa wiki kadhaa. Ungemlaumu? Protini nyingi zinapenda baridi. Lakini mwiba mzima wa SARS-CoV-2, vile vipande vitatu vilivyosokotana, ukiwa umeimarishwa kwa kuwekewa prolini mbili tu (prolini ni mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini) hulegea kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Jambo hilo lilichapishwa mwaka 2021. Toleo la prolini sita linavumilia zaidi, na ndilo tunalolipendekeza ingawa watu wanalalamikia bei yake. Mzigo wetu ulitoka hapa ukiwa mzima, tulikuwa na picha za hadubini ya elektroni. Uliporudi ukiwa na malalamiko tuliutazama tena, na nusu ya miiba ilikuwa imefumuka.

Na kuna aliyetuma ACE2 ya panya kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo kwenye friza. Kirusi cha mwanzo hakiishiki ya panya. Mstari ulilala, na ulikuwa sahihi kulala. Kirusi chenye badiliko la N501Y, yaani badiliko la asidi amino moja kwenye mwiba, kingeishika.

Kuhusu bei: seli za binadamu zinakula chakula cha gharama na hazina haraka. Protini ikishatoka tunaipitisha kwenye safu inayotenganisha kwa ukubwa na kutupa madonge yote ya protini zilizogandamana, hata kama ni sehemu kubwa ya mavuno, kwa sababu donge moja linashika kwa mikono mingi na kuharibu kipimo kizima. Kila sampuli inapita pia kwenye kihisio kitupu, tuone kama inanata penyewe. Halafu tunageuza: kilichokuwa chini kinapita juu. Anayetoza nusu ya bei yetu ameruka kimojawapo cha haya, na una haki ya kumuuliza kipi.

Unapoleta sampuli, tuambie imezalishwa kwenye seli gani, ina mkia gani, inakaa mojamoja au kwa jozi, na imeyeyushwa mara ngapi tangu igandishwe. Kama huna ila ACE2 yenye mkia wa kingamwili, usikimbilie kuagiza nyingine. Tutaibandika hiyo chini kwenye kihisio na kupitisha juu yake kipande kimojakimoja cha mwiba. Ikiwa imefungwa chini, ujozi wake haushushi tena namba, na umeokoa gharama ya kuzalisha protini mpya.