Kwa vijana wa mtaani kwangu, kuhusu barua yenu ya maji

Wanangu,

Nimeisoma barua mliyoniletea juzi, mara tatu. Madai yenu ya maji ni ya haki, hilo sina ubishi nalo. Mjukuu wangu anatoka na ndoo saa kumi alfajiri. Lakini mstari wa kwanza tu mmewaita wakubwa wale wezi. Nani atafika wa pili?

Aprili 1963 Martin Luther King, mchungaji mweusi aliyepigania haki za weusi Marekani, alikuwa selo huko Birmingham, Alabama. Alikamatwa Ijumaa Kuu kwa kuandamana wakati mahakama imekataza. Humo ndani likamfikia gazeti lenye tamko la viongozi wanane wa dini, Wazungu wote, wakisema maandamano yale hayana busara na wakati wake haujafika. Akaanza kuwajibu pembezoni mwa gazeti, karatasi ikamwishia, akadandia vipande vingine, mpaka mawakili walipomletea karatasi za maana.

Aliwaitaje? Watumishi wenzangu. Msidhani alikuwa anajipendekeza. Ukishamwita mtu mwenzio, umembana: itabidi akujibu kwa dini ileile anayoihubiri. Walipomwita mtu wa kuja, akawakumbusha Mtume Paulo aliyeuacha mji wake wa Tarso kupeleka Injili mbali. Walipomwita mtu wa msimamo mkali, alikiri kwamba neno lilimuuma, kisha akauliza: Yesu je, hakuwa na msimamo mkali wa upendo? Jiwe walilomtupia akaliokota, akajengea.

Sasa lile la "subirini". Hapo alifungua sentensi moja yenye maneno zaidi ya 300, kila kipande ni unapoona hiki, unapofanyiwa kile, mpaka akamfikia binti yake wa miaka sita. Mtoto ameona kwenye televisheni tangazo la bustani ya michezo, anataka kwenda, na baba mtu, mhubiri mzima, ulimi unamganda kumwambia kwamba watoto weusi hawaingii. Msomaji anangoja nukta, nukta haiji. Kusubiri kwenyewe anakuonjesha palepale.

Na sisi alitugusa. Alisema mataifa ya Asia na Afrika yanakwenda kwenye uhuru kwa kasi ya jeti, weusi wa Marekani bado wanakokotwa na farasi kufuata kikombe cha kahawa mgahawani. Tanganyika ilikuwa na mwaka na miezi minne tu ya uhuru. Mimi nilikuwa darasa la pili, sijui lolote.

Msije mkasema mzee anatufundisha unyenyekevu. Barua ile ina makali: aliandika kwamba nusura aamini kikwazo kikubwa si Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu waliowatesa na kuwaua weusi, bali Mzungu mstaarabu anayependa utulivu kuliko haki. Ila alilisema katikati, msomaji akiwa ameshakaa kitini.

Kwa hiyo "wezi" futeni. Ndoo ya saa kumi iingie, na yule mtoto anayesinzia darasani. Halafu mmeandika "tumeahidiwa mara nyingi". Mara ngapi? Lini? Nani alikuwepo? King alieleza wazi kwamba wenye maduka waliahidi kuondoa vibao vya ubaguzi na vibao vikabaki. Ninyi mna daftari la ahadi zote, nimeliona kwa macho yangu pale kioski, kurasa zake zinafungiwa vitunguu.

Njooni Jumamosi baada ya alasiri. Mje nalo.

Babu yenu