Katoka ICU, sawa, ila kichwa je?

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo linatesa familia nyingi kimya kimya. Mgonjwa akitoka ICU, kile chumba cha wagonjwa mahututi, akarudi nyumbani watu wanamshukuru Mungu, sadaka inatolewa, basi imeisha hiyo. Kumbe kwa wengine ndo kwanza kazi inaanza.

Shemeji yangu ni fundi seremala. Mwaka jana alilazwa ICU kwa nimonia kali, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, alhamdulillah akatoka. Mwili umerudi, anakula, anatembea, lakini kichwa sio kile. Zamani ukimtajia ukubwa wa kabati anakwambia hapohapo zinaingia mbao ngapi, kalamu hagusi, sa hivi anapima ubao akifika kwenye msumeno keshasahau, anarudi kupima tena, anasahau tena, hasira zote zinamshukia kijana wake wa kazi. Usiku anashtuka jasho linamtoka anasema manesi walimfunga kamba wanataka kumuuza, na hatanii jamani, kwake yeye ilitokea. Mtaani washaanza, mara karogwa, mara bangi. Dada kakonda kuliko hata mgonjwa mwenyewe.

Sasa hii kitu inajulikana! Watafiti wa chuo kikuu cha Vanderbilt kule Nashville, Marekani, walifuatilia wagonjwa 821 wa ICU wakatoa matokeo 2013: karibu robo tatu waliweweseka, yaani akili ilichanganyikiwa, wakiwa bado wamelazwa, na mwaka mzima baadaye, kati ya waliopimwa, mmoja katika kila watatu uwezo wake wa kufikiri ulikuwa kama wa mtu aliyeumia ubongo kwenye ajali. Sio wazee tu, mpaka vijana. Na aliyeweweseka siku nyingi zaidi ndo aliathirika zaidi.

Sisi siku ya kuruhusiwa tulipewa karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi kucheki kifua, habari ya akili hata neno moja hakuna. Angalau tungeambiwa, tungejua ni ugonjwa, tusingezunguka kwa waganga kula hela.

Na sio kwamba naomba mashine za mabilioni. Nchi kama Denmark na Sweden wana utaratibu wa daftari, linakaa pale kitandani, nesi anaandika leo tumekutoa mpira wa kupumulia, leo mwanao alikuja kakushika mkono, mtu akipona anasoma anajua lipi lilitokea na lipi ni njozi. Walilijaribu Ulaya, matokeo yakatoka 2010, waliopewa daftari lao mapema asilimia 5 tu ndo walipata ule ugonjwa wa kuandamwa na mambo ya kutisha, wakati waliocheleweshewa walikuwa asilimia 13. Daftari jamani, lile la shule! Halafu mtuachie ndugu mmoja akae na mgonjwa, amwambie leo Jumanne, amvalishe miwani yake, sio kutufukuza getini kama tumekuja kuiba shuka.

Wizara ya Afya ingeagiza tu kila anayetoka ICU apewe tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, apimwe kumbukumbu na usingizi, na mke au mume naye aulizwe hali yake. Bima nao watuambie hiyo wanalipa au hawalipi. Na kama kuna msomaji anajua hospitali yenye kliniki ya namna hiyo hapa Dar, aandike kwenye ukurasa huuhuu, tutaenda hata kesho.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam