Mdogo wangu, mawe yako bado yapo

Mdogo wangu,

Ulezi umeshaota. Nimeuanika tangu asubuhi kwenye jamvi la mama, lile ambalo mkeo alisema linanuka moshi litupwe, na tangu nimeuanika kazi yangu imekuwa moja tu, kufukuza kuku. Natupa kijiti, wanakimbia hatua tatu, wanarudi. Kati ya kijiti na kijiti ndiyo nakuandikia. Ningekupigia, lakini simu yangu huipokei, na ujumbe niliokutumia Oktoba umeusoma, alama za buluu ninaziona, sijajibiwa mpaka leo. Basi soma hapa. Wengine wakisoma nao wasome, ukoo mzima unajua, na usilojua ukoo majirani wanalijua.

Ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ziko darini, zinaiva kwa moshi. Nilimwita kijana wa jirani anipandishie, maana goti langu la kushoto na ngazi hawapatani tena. Akaniuliza, "Bibi, mbege yote hii ya nani?" Nikamwambia ya watu. Watu gani hakuuliza, ana adabu yule mtoto. Mwaka jana nilipika kipimo kilekile cha wakati wa baba, kikabaki nusu, nikawapa wanakwaya. Mwaka juzi vilevile. Mwaka huu nilisema nitapunguza. Nikaenda Himo sokoni, nikapimiwa ulezi, mkono ukasema ongeza.

Wewe hujui huku kulivyo mwezi wa saba. Unakujua Desemba tu, na Desemba ni uongo. Kuanzia Januari mpaka Novemba tuko sisi wenye magoti na mbwa. Ukipita vihambani, kwenye mashamba ya ukoo, unaona nyumba nzuri za vigae, madirisha yamefungwa, majani yameota hadi kwenye kizingiti, na mlinzi amelala. Halafu ikifika tarehe 20 gari zinaanza kupanda kutoka Himo, muziki juu, watoto wanauliza choo kiko wapi. Usiku kijiji kinawaka taa kama Moshi mjini. Tarehe 2 Januari kimya tena, zimebaki chupa tu. Nazijua gari zote kwa mlio. Yenu nayo ninaijua, na kila inapopita nyingine ya aina ileile najikuta nimesimama mlangoni na mwiko mkononi. Goti hilohilo.

Usiniambie habari ya safari. Zamani tulikuelewa. Basi lilikuwa likitoka Dar alfajiri, ukikosa umekosa, na nauli ya Desemba ilikuwa ya kukomoana. Lakini treni ya Moshi imerudi tangu Desemba 2019, na mabasi yameruhusiwa kutembea usiku tangu 2023. Unapanda jioni, asubuhi uko Himo unakunywa chai. Mwaka huu Krismasi ni Alhamisi, na Ijumaa nayo ni sikukuu, kwa hiyo hata bila kuomba ruhusa kazini kwenu unapata siku nne. Nimekuhesabia. Mwalimu hastaafu kuhesabu.

Jana tulikuwa kanisani na akina mama wa jumuiya tunatengeneza pango la Noeli. Wamenipa kazi ya kukaa na kuelekeza, kazi ya wazee hiyo. Padre mpya ni kijana, anataka taa za rangi zinazowaka na kuzima. Tumemwachia. Wakati tunapanga majani nikakumbuka Krismasi ya 1982, ile ya sukari. Unaikumbuka? Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, sukari ya mgao ilikuwa hadithi, na baba alishasema mwaka huu chai ni ya chumvi na asiyetaka aache. Nikaenda kwa yule mama aliyekuwa akivuka Taveta kwa njia za panya, nikatoa mshahara wangu wa ualimu robo nzima, nikapewa kilo mbili. Nikazificha ndani ya mzigo wa majani ya ng'ombe, nikapita na mzigo kichwani mbele ya mgambo, nikawasalimia na shikamoo juu. Ulipoonja ile chai ulilia. Mama akadhani umeungua.

Nakukumbusha ili ujue nilikotokea na wewe. Ada yako ya kidato cha kwanza mpaka cha nne nani alilipa? Kahawa ya baba ilikuwa imeshaanza kushuka, malipo ya chama cha ushirika yanakuja kwa mafungu. Sikudai. Sidai hata sasa. Nimesema tu.

Sasa tuje kwenye mawe, yale ya msingi wa nyumba yako.

Tarehe 25 Desemba 2022, Jumapili, saa saba mchana. Mama ana miezi minane kaburini. Nilikuwa nimeamka saa tisa usiku kuinjika kiburu, ndizi na maharage, kwenye chungu, kwa sababu wewe hupendi cha sufuria, na nilikuwa nimekukwangulia ukoko wa chini nikauweka pembeni kwenye sahani ya mama ya maua. Gari ikaingia. Watoto wakashuka, "Shangazi, Shangazi!" Mkeo akashuka, tukasalimiana. Wewe ukashuka ukapita. Ukapita hivi, kama mtu anayepita kituo cha basi. Ukaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, nikadhani unakwenda kwa mama, moyo wangu ukalainika, nikakufuata na sahani.

Ukasimama kwenye mawe yako. Ukaanza kuhesabu.

Moja, mbili, tatu. Kwa sauti. Ukiyagusa kwa ncha ya kiatu. Na yule mtoto wako wa mwisho, alikuwa na miaka minne, akadhani ni mchezo, akakushika mkono akaanza kuhesabu na wewe. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na sita. Ukasimama. Ukainama ukamwambia, "Kumi na tano, mama. Baada ya kumi na nne inakuja kumi na tano." Kwa upole ule! Mdogo wangu, ule upole ndio uliokaa kifuani mwangu mpaka leo. Hasira ningeisahau. Hasira zako nazijua tangu unatambaa. Lakini ulikuwa nao upole, ulikuwa nao pale pale, siku ile ile, na mimi nimesimama nyuma yako sahani inanichoma vidole, na haukunifikia hata kidogo.

Mkafika mia mbili na tisa. Ukageuka. "Dada, mawe yalikuwa mia tatu. Mengine yako wapi?" Nikasema karibuni ndani, chakula kinapoa. Ndipo ukasema lile la pili, mbele ya watoto: "Wewe hapa tumekukaribisha tu. Usijisahau."

Najua sheria, na wewe unajua kwamba najua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, mila yoyote inayomzuia mwanamke kumiliki ardhi, au kukaa, au kuitumia, haina nguvu. Niliitafuta Januari ile ile mlipokwisha kuondoka, nikaikariri kama Salamu Maria, nikuwekee. Ingenisaidia nini siku ile? Mtu mwenye sahani ya kiburu mkononi hatoi kifungu. Nilisema, na hili silisamehe kwangu mwenyewe, nilisema "samahani". Miaka sitini na mitano, mwalimu mstaafu, nimemgeuza mama kitandani usiku na mchana tangu alipovunjika nyonga 2011, nikamwambia mtoto niliyembeba mgongoni samahani.

Tarehe 26 asubuhi mkaondoka hata supu hamkunywa.

Nisikilize, mimi ni mkubwa kwako. Usijenge kwa mkopo. Pima presha, ukoo wetu unaondoka kwa presha, angalia baba. Walete watoto wajue njia ya kisimani na mfongo, mfereji wetu wa maji, unapopita, maana siku moja watarithi mahali wasipopajua wauze kwa mtu wa kwanza mwenye suti. Na usimwachie mtu mmoja jukumu la watu wanne halafu uje uulize ameamuaje. Mtu akiachwa peke yake na mgonjwa ataamua peke yake. Atachagua dawa peke yake, atachagua kanga ya kumvika peke yake, na wazee wa ukoo watakapokaa chini ya mparachichi wakauliza, "Mama alisema alazwe wapi?", watamtazama yeye.

Walinitazama mimi. Wewe ulikuwa njiani, simu imezima, mwishowe tukaambiwa mko Korogwe. Mvua ya Aprili unaijua, hakuna kungoja, vijana wa jumuiya wameshashika majembe. Nikasema, "Kule kwenye mawe."

Unaniambia, kupitia kaka wa Arusha, kwamba nilifanya makusudi. Kwamba nilimlaza mama kwenye msingi wako ili usijenge. Nikujibu kwa utaratibu. Wiki ya Pasaka mama alikuwa anaomba atolewe barazani apate jua. Nikamtoa. Akanyoosha mkono upande ule, akasema, "Pale, pale." Nikamuuliza, mama, pale nini? Akarudia, "Pale." Mtu wa miaka tisini na moja akinyoosha mkono wiki ya mwisho ya uhai wake, wewe ungeelewa nini? Ni kweli nilikuwa nimeanika maharage juu ya mawe yako siku hiyo. Ni kweli kulikuwa na kuku. Lakini mtu haonyeshi kuku kwa sauti ile.

Na hata kama. Kihamba kina nafasi tele, sogeza nyumba. Nyumba husogezwa.

Nasikia pia umesema kwamba dada ndiye anayepaswa kuleta isale, jani la kuombea msamaha. Nilicheka, baadaye sikucheka. Unajua kazi ya jani lile, baba alitufundisha sote, akiletewa aliyekosewa hakatai. Ila nani ampelekee nani hapa? Mimi nipande basi kilomita mia tano na kitu nimeshika jani, nishuke Dar nitafute nyumba ambayo sijawahi kuoneshwa geti lake? Lingefika bado bichi, hilo nakubali, isale halinyauki upesi. Pale kwa mama yameota manne, yamenizidi kimo. Nilikuwa nimeyapanda mawili.

Mawe. Nikuambie basi, maana umri wangu si wa kuficha vitu. Mawe thelathini na nane nimezungushia kaburi, kwa sababu mvua ya Mei ilikuwa inakula udongo na sikutaka kuona nilichoanza kuona. Ishirini na matatu nilipeleka kwenye mfongo, ukingo ulibomoka, zamu ya kuukarabati ilikuwa ya nyumba yetu na mwanamume wa nyumba yetu hakuwepo. Katika yaliyopungua yamebaki thelathini. Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba yaliibwa. Niliyauza. Fundi wa vigae vya kaburi alikuwa anadai, kaka wa Arusha alisema mwezi ujao, wewe nilikupigia ukasema uko kwenye kikao, na pensheni yangu ilikuwa imeshakwenda dukani. Niliona aibu kudaiwa kwa ajili ya kaburi la mama kuliko kuuza mawe ya mtu. Ningekwambia siku ile kama ungeuliza baada ya kula.

Yaliyobaki hayajaguswa. Jana jioni nimeyahesabu mwenyewe, nimefyeka majani kwanza. Mia mbili na tisa. Yako vilevile ulivyoyaacha, ila yameota kuvu upande wa mlima.

Machalari nitapika, ndizi za mchare zimekomaa vizuri mwaka huu. Mbuzi tumechangia na jirani, nusu kwa nusu. Chumba chenu nimekifagia, godoro nimelitoa juani mara mbili, sikufanya hivyo kwa sababu nakungoja, panya walikuwa wameanza. Mkija, mwambie mkeo jamvi lipo na sitalitupa. Leteni nazi nne, za Himo zimechacha. Yule mtoto wako wa mwisho atakuwa anaingia darasa la pili mwakani, ningependa nimsikie akisoma.

Sasa hivi kijana wa jirani amepita, na kuku wameshaingia kwenye ulezi wote watano, mimi na goti langu nimekaa na simu mapajani. Nimenyoosha mkono nikamwambia, "Pale, pale."

Dada yako.