Barua kutoka Kansas: ruzuku na majina ya wanaoipata

Garden City, Kansas

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa wote hapo Kitale. Sisi huku tu wazima.

Uliniuliza kama ni kweli serikali ya Marekani humlipa mkulima ili asilime. Ni kweli. Msimu huu nikipeleka mtama kwenye maghala marefu ya saruji kando ya reli, hapa Kaunti ya Finney, napita shamba lililojaa nyasi tu, trekta haliingii, na mwenyewe analipwa kila mwaka. Mpango huo ulianza 1985, na mkataba wake ni wa miaka 10 hadi 15. Kuna sababu. Miaka ya 1930 ukame na kulima kupita kiasi viliufanya udongo wa upande huu kuwa vumbi, ukapeperuka mpaka mchana ukawa giza. Nyasi zile ndizo zinazoushika. Pesa hiyo mimi naiona halali kabisa.

Inayonisumbua ni ile nyingine. Serikali imeweka bei ya msingi ya kila zao. Ya mahindi ilikuwa dola 3.70 kwa busheli, yaani kama kilo 25, na sheria ya Julai 2025 ikaipandisha hadi dola 4.10. Soko likianguka chini ya hapo, serikali hujaza pengo. Lakini haiangalii ulichovuna. Inaangalia ekari za zao hilo zilizoandikishwa zamani kwa shamba lako, hata kama mwaka huu umepanda ngano. Basi mwenye ardhi kubwa ndiye mwenye malipo makubwa. Kikomo kipo, kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 155,000 kwa mtu, ila mume ana chake, mke ana chake, na ndugu wanaolima pamoja kila mmoja ana chake. Bima ya mazao nayo, ambayo kwa wastani serikali hulipia zaidi ya nusu ya ada, ruzuku yake haina kikomo. Mkulima mdogo anapata kidogo, kisha jirani yake mkubwa anakuja na fungu lake kumshinda bei wanapogombea kukodi shamba lile lile. Inaniuma.

Hata hivyo, kuna jambo moja la huku ambalo natamani mlidai hata kesho. Malipo haya, ukiondoa ruzuku ya bima, ni rekodi ya umma. Shirika moja la kiraia, Environmental Working Group, limeyaweka kwenye intaneti kuanzia yale ya 1995. Unachagua jimbo, unachagua kaunti, majina yanashuka mbele yako, aliyepata zaidi akiwa juu. Nilimtafuta mwenye shamba ninayembebea mtama, nikamkuta, mwaka baada ya mwaka. Nilipomwambia hakushtuka. Alijua majirani zake walishamtazama zamani.

Sasa fikiria mbolea yenu ya ruzuku huko Kenya. Gunia la kilo 50 kwa shilingi 2,500 ni nafuu kubwa, sibishi. Unajiandikisha, unataja ekari zako, unasubiri ujumbe kwenye simu, unakwenda ghalani. Halafu wewe unaniandikia kwamba ulikesha foleni, ukaambiwa imekwisha, na jioni ukayaona magunia yale yale sokoni kwa bei nyingine. Orodha ya lokesheni yenu ingebandikwa ukutani kwa chifu, jina, ekari na magunia, mngejua siku hiyo hiyo ni nani mwenye ekari mbili aliyebeba magunia hamsini. Hakuna mkaguzi wa Nairobi anayeyajua mashamba ya hapo kama nyinyi.

Watakuambia hiyo ni siri ya mkulima. Siri gani katika pesa ya kodi? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 ya kupata habari inamtaka ofisa aamue ombi lako ndani ya siku 21. Liandikeni kwa maandishi, mkiwa wengi, wewe na wenzako wa ushirika. Niambie tu ni ghala lipi na ni msimu upi, nami nitakutumia rasimu mara moja.

Rafiki yako