Ulisema nikutumie namba tu

Chumbageni, Tanga

Sahibu yangu,

Assalaam alaikum. Miezi mitatu nimekaa kimya, najua umeninung'unikia, na haki unayo. Uliniandikia neno jepesi kabisa: "Nitumie namba tu, spea nitakutafutia huku Mombasa." Nami nikaona ni kazi ya jioni moja. Kumbe namba zenyewe ndiyo kazi.

Land Rover ya Baba unaikumbuka, ile fupi ya kijani yenye taa za mbele katikati, tuliyokuwa tukining'inia nyuma yake kwenda Pongwe. Bodi yake ya aluminiamu haikuliwa na kutu, lakini chesisi chumvi ya bahari imeitafuna kweli. Hiyo nimeshaichomelea na kuipaka rangi, imekwisha. Nilipokwama ni kwenye injini.

Kosa nililifanya siku ya kwanza. Nilipangusa ubavu wa bloku nikakuta namba kubwa zimeinuka juu ya chuma, zinasomeka hata bila miwani. Nikaziandika, nikampelekea muuza spea mmoja, nikamwambia nataka metali za krenkshafti, yaani vile vipande vya nusu duara ambamo mhimili mkuu wa injini huzungukia, za Land Rover ya petroli, injini ya 2.25, na namba yake hii hapa. Boksi likaja. Fundi wangu, mzee mmoja wa barabara ya 9 Ngamiani, akalifungua mezani, akatoa metali moja moja akizipanga kwa jozi, halafu akanyamaza. Jozi tano. Na krenkshafti yetu imelala kwenye vitanda vitatu, yaani imeshikwa mahali patatu, kila mahali jozi moja.

Injini hizi za 2.25, zenye sentimita za ujazo 2286, zilikuwa za vitanda vitatu mpaka 1980, ndipo kiwanda kikaziwekea vitano. Kipenyo cha silinda ni kilekile, jina ni lilelile. Ukiingia dukani na jina peke yake umekwenda na nusu ya maneno.

Na ile namba niliyoiamini? Mzee alinishika mkono akapitisha kidole changu juu yake. "Hii imezaliwa pamoja na chuma," akaniambia. Imetoka kwenye kalibu, chuma kilipomiminwa. Kalibu moja inaweza kutoa vipande ambavyo baadaye vinachongwa kwa namna mbalimbali, na kila kimoja kikaandikwa kwa namba yake kwenye kitabu cha spea. Kwa hiyo namba iliyoinuka inakuonyesha kipande kimetoka kwenye kalibu gani, haikuonyeshi kimechongwa kuwa nini. Akakipeleka kidole mbele kidogo, karibu na manifoldi ya moshi, kwenye sehemu bapa iliyofunikwa na grisi ngumu kama lami. "Ya kutafuta ni iliyozama. Hiyo mtu aliigonga kwa nyundo akijua anafanya nini."

Kuisoma hiyo iliyozama kulinichukua siku mbili. Nililoweka kitambaa kwenye mafuta ya taa nikakiacha hapo usiku mzima. Asubuhi nikasugua kwa brashi ya waya laini, polepole, maana ukikwangua kwa tupa unaifuta yenyewe. Kisha nikapaka chaki nyeupe juu yote na kuipangusa kwa kiganja: chaki ikabaki ndani ya mikwaruzo, na tarakimu zikaanza kujitokeza moja baada ya moja. Moja tu ilinisumbua, sikujua ni 3 au 8. Nikaweka karatasi juu yake nikaisugua kwa penseli, kama tulivyokuwa tukifanya na sarafu shuleni, upande wa kushoto ukatoka wazi. Ni 3.

Nikaenda kuchukua kadi ya gari nilinganishe. Hazifanani! Si tarakimu moja, ni namba nyingine kabisa. Nilidhani nimebeba kadi ya gari la watu.

Siku hizi Baba husahau hata alichokunywa asubuhi. Lakini nilipoketi naye barazani nikamsomea namba zote mbili, hakusita. Akasema injini hiyo si ya gari hilo. Ya kwanza ilivunja pistoni ikipanda Lushoto na mzigo, na karakana ya shamba la mkonge alikokuwa akifanya kazi ikafunga injini ya gari jingine lililokuwa limepinduka. Kadi hakuna aliyekwenda kuibadilisha. Halafu akaniambia, "Moja, tatu, nne, mbili," akigonga mkono wa kiti kwa kila namba. Ndivyo silinda zake zinavyowaka kwa zamu. Hilo hajalisahau.

Ikabidi kuiuliza injini yenyewe umri wake. Hapo distribyuta, ile inayogawa umeme wa cheche kwa kila silinda, ilitusaidia sana, nami nakusihi uangalie ya gari lako pia. Ni ya kampuni ya Lucas, aina ya 25D4, na kwenye mwili wake pamegongwa namba ya spea, kisha tarakimu nne pembeni: 14 68. Maana yake ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 1968. Mzee wangu alinionya kwamba distribyuta hufunguliwa ikahamishwa kwa dakika chache, kwa hiyo ni shahidi mmoja tu. Lakini shahidi huyo, na maneno ya Baba, na vitanda vitatu tulivyovihesabu kwa macho, vyote vinasema mamoja. Ningeanza na distribyuta, boksi lile nisingelinunua.

Sasa metali za zamani. Tulipozitoa nilizigeuza mgongo nikazisafisha, nikakuta 020. Yaani krenkshafti ilishawahi kuchongwa, imepungua sehemu ishirini za elfu za inchi, kama nusu milimita hivi. Nilifurahi nikataka kukuandikia siku ileile, "Tafuta 020." Mzee akanizuia. Akapima shingo zote za krenkshafti, zile sehemu zinazozunguka ndani ya metali, kwa maikromita, kila moja mara mbili, wima na mlalo, akakuta mbili zimekuwa za yai. Lazima ichongwe tena, iende 030. Kilichoandikwa mgongoni mwa metali kuukuu ni saizi iliyokuwapo. Tunayoihitaji itajulikana krenkshafti ikirudi kutoka kwa mchongaji, na hapo ndipo metali zinunuliwe. Nimeona watu wakinunua kwanza, wakachonga baadaye, na mchongaji akalazimika kwenda mbali zaidi kwa sababu chuma kilikuwa na jeraha lililozama. Hela ya metali ikapotea.

Jambo jingine utakalokutana nalo huko. Katika vitabu vya zamani vya Rover, kampuni iliyounda Land Rover, spea nyingi zina namba za tarakimu sita bila herufi. Rover ilipoingia mikononi mwa kampuni ya Leyland mwaka 1967 na miaka iliyofuata, nyingi zikapewa namba mpya zenye herufi mbele, kama RTC. Muuzaji akikutazama usoni akasema namba hiyo haipo, usiondoke. Mwombe atazame ilibadilishwa kuwa ipi. Nimeshakata tamaa na gasketi ya hedi kwa sababu hiyo, kumbe ilikuwa rafuni kwa jina jipya.

Basi ninachokuomba ni hiki. Metali usinunue kwanza; uliza tu nani anazo za vitanda vitatu, saizi 030, na umwambie akufungulie boksi uhesabu jozi kwa mkono wako. Krenkshafti inarudi Alhamisi ijayo, nitakupigia. Nimempa dereva wa basi la Horohoro kifurushi chako: kuna metali moja kuukuu, ile yenye alama ya VP mgongoni, uende nayo dukani kama sampuli, na karatasi yangu ya penseli. Karatasi usiikunje tafadhali, penseli inafutika.

Baba anakusalimu. Kila jioni anauliza kama imeshanguruma. Msalimie shemeji na watoto wote.

Wasalaam,
Nduguyo wa Chumbageni