Vipimo vya mlima

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia kwamba sasa unashika tindo mwenyewe. Umeniuliza juu ya yule mchongaji ninayemtaja kila mara. Ni Korczak Ziolkowski, mzaliwa wa Boston, aliyebaki yatima akiwa na umri wa mwaka mmoja na kujifunza kuchonga bila mwalimu.

Mwaka 1939 chifu wa Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani, Henry Standing Bear, alimwandikia kumwomba achonge mlimani sanamu ya shujaa wao, Crazy Horse. Baruti ya kwanza ililipuliwa tarehe 3 Juni 1948, katika milima ya Black Hills, South Dakota. Mwanzoni alifanya kazi peke yake. Alijenga ngazi ya mbao yenye vidato 741, na kila mara kompresa yake kuukuu, mashine ya hewa iliyoendesha kekee, ilipozimika kule chini, aliteremka vidato vyote hivyo kwenda kuiwasha, kisha akapanda tena kushika kekee. Fedha za serikali alizikataa. Wapo Walakota wanaosema kwamba kuupasua mlima wao mtakatifu si kumheshimu Crazy Horse, na neno lao ni zito kwangu, nawe usilipuuze.

Alifariki mwaka 1982, uso wa shujaa ukiwa bado haujachongwa. Hata hivyo, yeye na mkewe, Ruth, walikuwa wameandaa vitabu vitatu vya michoro na vipimo, na kulikuwa na kielelezo cha plasta ambacho kila sentimita yake moja ni sentimita 34 mlimani. Ruth na watoto wao wakaendelea, wakaanza na uso kabla ya farasi anayepandwa na shujaa katika sanamu hiyo, na mwaka 1998 uso huo, wenye kimo cha mita 27 hivi, ukazinduliwa. Kazi haijakwisha hadi leo.

Unaikumbuka ile fremu ya mlango aliyoiacha babu yako, yenye nakshi ya mnyororo inayokatikia katikati? Nimeishika patasi mbele yake mara nyingi, nikairudisha mfukoni, kwa sababu vipimo vyote marehemu alikuwa navyo kichwani, na kila pete ya mnyororo ule inapungua kidogo kuliko iliyotangulia, kwa hesabu ambayo sijaweza kuigundua.

Basi kabla hujalipiga tena hilo jiwe lako, lichore kwenye daftari pande zote nne, uandike vipimo, kisha uniletee nakala utakapokuja likizo.

Akupendaye,
Baba yako