Macho hayasimami ukifika miaka 20, tusidanganyane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu tatizo la kutoona mbali kwa sisi vijana. Nilianza kuvaa miwani kidato cha pili, namba ilikuwa -1.25 (ni dayopta, kipimo cha nguvu ya lenzi; inavyozidi kukua ndivyo usivyoona mbali), ubaoni sioni kitu mpaka nikae dawati la mbele. Aliyenipima akaniambia usijali, ukifika miaka 20 itasimama yenyewe. Leo nina 27, ni mhasibu, na mwezi uliopita nimepima nimekuta -4.50. Nikivua miwani usiku pale kituoni siwezi kusoma kama daladala ni ya Mbagala au ya Gongo la Mboto, nasubiri mpaka konda aite.

Mtaani wanasema macho "yamechoka". Hapana jamani, jicho lenyewe linarefuka kwenda nyuma, picha inaishia mbele ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), na milimita moja tu ya kurefuka inaleta karibu dayopta mbili na nusu, na likisharefuka halirudi. Ni kweli wengi linatulia ujana ukiisha ila sio wote. Kule Perth, Australia, watafiti waliwafuatilia vijana toka miaka 20 mpaka 28, majibu yakatoka 2022, zaidi ya theluthi namba ya jicho walau moja ilisogea upande wa kutoona mbali kwa nusu dayopta au zaidi, na waliopata jua kidogo ndio walikuwa hatarini zaidi.

Sasa angalia maisha yetu. Chuo unasoma mpaka usiku wa manane, ukiajiriwa unaingia ofisini saa mbili asubuhi unatoka giza limeshaingia, kwenye gari simu iko usoni, nyumbani tena simu. Taa za ofisi zinatoa laksi (kipimo cha mwanga) kama 500 hivi wakati nje mchana ni 10,000 na kuendelea, na wanasayansi wanaamini huo mwanga mkali ndio unaifanya retina itoe dopamini, kemikali inayozuia jicho kurefuka. Guangzhou, China, watoto wa shule waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku, baada ya miaka mitatu walioanza kutoona mbali ni asilimia 30.4, wenzao ambao hawakuongezewa 39.5. Hao ni watoto, sawa, lakini sisi hata hizo dakika 40 hatuzipati, yani nchi yenye jua lote hili!

Kinachoniuma zaidi ni hili la "ukivaa sana miwani macho yanazoea yanaharibika". Mama mdogo aliniambia kwa upendo kabisa, nikaacha kuvaa karibu miaka miwili nikiwa chuo, nikawa naumwa kichwa kila siku na kunakili kwa wenzangu. Miwani hairefushi jicho. Na namba ikipita -6 hatari ya retina kubanduka inakuwa kubwa, ukianza kuona vimulimuli au kama pazia linashuka jichoni kimbilia hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri mshahara.

Ombi langu kwenu, wapeni madaktari wa macho hata safu moja kwa wiki. Na vyuo mnaopima afya mwaka wa kwanza, pimeni macho kila mwaka sio mara moja basi. Mdogo wangu ana 19, juzi nimemuona anakunja uso akiangalia TV, anasema ni usingizi. Jumamosi nampeleka kupima.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam